Kunenepesha kaa koko: jinsi ya kumkagua kaa kabla hujamuweka kwenye kizimba

Wengi wanaoanza kunenepesha kaa wanaulizia soko kwanza, na wakishapata mnunuzi wanaunda vizimba, wanavipeleka kwenye mikoko, wanakusanya kaa kwa wavuvi watano sita na wote wanaingizwa siku hiyo hiyo. Wiki ya pili kaa wanaanza kufa mmoja mmoja na watu wanasema maji mabaya. Mara nyingi maji hayana shida, ugonjwa uliingia na kaa mwenyewe ulipomnunua. Na jueni mapema, kaa hana chanjo, na magonjwa yake mengi ukishayaona hakuna dawa ya kuyatibu, kwa hiyo kazi yote iko kwenye kukagua na usafi. Nitaeleza ninavyokagua, kaa mmoja mmoja, kwa mpangilio ambao hata kikundi cha watu kumi mnaweza kugawana kazi.

Kwanza muulize mvuvi amemkamataje. Kaa wa dema, ule mtego wa kusuka, ni bora kuliko wa kuvutwa shimoni kwa chuma, manake ile ndoano ya chuma inamchubua chini ya tumbo au kwenye maungio ya miguu na hapo ndipo bakteria wanapopata mlango. Kaa aliyekosa gando moja sio tatizo, litaota tena akijivua gamba, ila pale lilipotoka pawe pamefunga na pasafi. Pakiwa peusi, panatoa maji maji na panatoa harufu, muache. Alafu gusa jicho kidogo kwa ncha ya kijiti, kaa mzima analilaza haraka sana na anainua magando kukutishia. Anayelegea miguu ikining'inia usimhurumie, hata bei ikishuka nusu.

Mfunge magando kwa kamba ya ukili au mpira, mpeleke kwenye mwanga wa jua, mgeuze tumbo juu. Hapa ndipo penye kazi kubwa na ndipo watu wanaporuka.

Chini ya tumbo kuna kile kifuniko kilichojikunja. Dume kifuniko chake ni chembamba, jike mchanga ni pembetatu pana zaidi, jike aliyekomaa ni kipana cha mviringo chenye manyoya pembeni. Kifungue taratibu kwa kidole gumba uangalie ndani. Unachokitafuta ni kifuko laini, cha rangi ya njano iliyopauka au kahawia, kimeshikilia tumbo kwa kikonyo kifupi. Hicho ni kimelea kinachoitwa sakulina, na kuna ndugu zake wa karibu wanaofanana nacho ambao nao wanashambulia kaa koko. Ukikiona huwezi kuamini ni ndugu wa vile vidude vigumu vyeupe vinavyokata miguu ukipanda mwamba, lakini ndivyo, ni ukoo mmoja. Mtoto wake jike anaogelea baharini, anatua juu ya kaa, anajipenyeza ndani akiwa ni chembe chache tu, alafu anaota mizizi mwili mzima wa kaa, kwenye nyama, kwenye utumbo, mpaka kwenye miguu, ananyonya chakula humo humo. Akishakomaa ndio anatoa kile kifuko nje, na anakitoa pale pale ambapo jike angebeba mayai yake. Kaa anakuwa tasa. Akiwa dume, kimelea kinambadilisha mwili, kifuniko kinapanuka kama cha jike, na anaanza kukilea kile kifuko, anakisafisha na kukipepea maji kana kwamba ni mayai yake. Ndio maana ukikuta kaa ambaye kifuniko chake hakieleweki, si cha dume wala cha jike, hata kama kifuko hakipo mtenge, kinaweza kuwa bado ndani.

Sasa sikilizeni hili kwa makini, manake linawakuta watu wenye nia njema kabisa. Mvuvi anafungua kifuniko, anaona kitu cha njano, anasema huyu ana mayai tumrudishe akazae. Anamrudisha, na kile kifuko kinaendelea kumwaga maelfu ya watoto wa kimelea kwenye maji yale yale mnayovua. Tofauti inaonekana kwa macho ukitulia. Mayai ya kaa ni punje punje, zimeshikana kwa nyuzi kwenye vile vimiguu vya chini ya kifuniko, yanaanza rangi ya chungwa na yanakwenda kuwa kahawia mpaka karibu meusi yanapokaribia kuanguliwa, ukipitisha kidole unahisi chenga. Kifuko cha sakulina ni kimoja, kizima, ngozi laini, hakina punje kwa nje, na kina kikonyo. Na kuna jambo lingine la kukusaidia: jike wa kaa koko akikaribia kutaga huwa anatoka kwenye mikoko anakwenda bahari kuu, kwa hiyo kumkuta na mayai ndani kabisa kwenye mikoko ni nadra. Ukiona "mayai" huko ndani angalia mara mbili. Kama ni mayai kweli basi mrudishe haraka, na ukiweza mpeleke kuelekea kwenye mlango wa kutokea baharini.

Ukishathibitisha ni sakulina, kaa huyo harudi majini na haingii kwenye kizimba. Usijaribu kukikata kile kifuko ukamuweka aendelee, mizizi imebaki ndani na kaa hatanenepa, chakula unamlisha mdudu. Kwa kula hana madhara kwa binadamu, nyama inakuwa kidogo tu, kwa hiyo mpike nyumbani, na kifuko kichome moto au kifukie mbali na maji yanapofika wakati wa bamvua, bahari ikijaa sana. Na kwa kuwa kimelea kinakaa ndani muda mrefu kabla ya kutoa kifuko, kukagua siku ya kununua peke yake hakutoshi. Kila wiki fungua tena vifuniko vya walioko kizimbani.

Tukitoka hapo, gamba. Lioshe kwa maji ya bahari utoe tope, alafu tafuta madoa ya kahawia au meusi yaliyoliwa, yaani ukipitisha kucha inaingia kidogo. Hayo ni bakteria wanaokula lile gamba lenyewe, mara nyingi wameanzia kwenye mchubuko, na wanashamiri kaa wakiwa wamebanana, wakipigana, na mabaki ya chakula yakioza chini. Doa moja dogo kavu unaweza kumchukua ukamuweka peke yake, akijivua gamba linaondoka nalo. Doa lililotoboa mpaka nyama inaonekana, hapana. Lakini si kila doa ni la kuambukizana, kule Gladstone Australia wavuvi walianza kuona kaa koko wenye madoa ya kutu mwaka 1994, na watafiti walipofuatilia hawakukuta ugonjwa wa kuambukiza bali wakashuku mazingira ya maji yenyewe. Kwa hiyo kama eneo zima kila kaa ana madoa ya aina moja, ulizeni pia kuna nini kinachomwagwa mtoni juu.

Bonyeza gamba kwa chini karibu na miguu. Likibonyea ni kaa maji, ametoka kujivua gamba siku za karibuni na ndani ni maji mengi nyama kidogo. Huyu haumwi! Huyu ndiye hasa wa kunenepesha, wapo wanaomkataa wakidhani ana ugonjwa na wapo wanaouziwa mgonjwa wakiambiwa ni kaa maji, tofauti ni ule ukali, kaa maji mzima bado anapigana.

Matamvua, yale anayopumulia, huwezi kuyaangalia bila kumuua kaa, kwa hiyo kila mzigo mpya chagua mmoja aliyekufa njiani au wa kupika, fungua gamba la juu uone. Yanatakiwa yawe safi, yamepangika, rangi ya maziwa au kijivu kidogo. Yakiwa meusi ni tope na uchafu wa maji. Ukiona vitu vidogo vyenye shingo na kichwa vimesimama kwenye matamvua, wakati mwingine makumi kwa makumi, ni oktolasmi, nao ni wa ukoo ule ule wa sakulina ila hawa hawanyonyi damu, wanakaa tu na kumzibia pumzi. Kaa mwenye hao wengi anaishi vizuri majini lakini akitolewa kwa safari anakufa kabla ya wenzake, na mnunuzi wa mjini anakulaumu wewe. Wanakuwa wengi kwa kaa wakubwa ambao hawajajivua gamba muda mrefu, manake gamba likivuliwa wanaondoka nalo. Ukikuta mzigo wenye hao, kaa wakubwa wauze karibu, usiwasafirishe mbali.

Kaa akiwa na utando wa manyoya kama ukungu juu ya gamba na machoni, hao ni vijidudu vya seli moja wanaojishikiza kwake, na wanakuambia maji yako yana uchafu mwingi. Hapa kidogo kuna la kufanya: mchovye kwenye maji ya mvua au ya kisima kwa dakika chache, kaa koko anavumilia chumvi kupanda na kushuka na hao vijidudu hawavumilii hivyo, alafu sugua kwa brashi laini na uhamishe kizimba penye mkondo. Ukimrudisha pale pale utando unarudi.

Damu sasa. Kwa kaa unayemshuku, kata ncha ya mguu mmoja wa nyuma kwa mkasi uliochemshwa, tone likidondoka liangalie kwenye kisahani cheusi. Damu ya kaa mzima ni angavu, na ikikaa hewani inachukua ubuluu kwa sababu ina madini ya shaba, alafu inaganda. Ikiwa nyeupe imechafuka na haigandi, ndani kuna kitu, kwa mfano kimelea cha hematodiniamu ambacho kule China kimeua kaa wengi wa kufugwa tangu miaka ya 2000, na kwenye kaa wa bahari za baridi kinaifanya nyama iwe chungu. Jicho peke yake halitakwambia ni kipi, ila linatosha kukwambia usimchanganye na wengine.

Kinachonitia wasiwasi kuliko vyote hakionekani kwa kaa kabisa. Virusi vya madoa meupe, ugonjwa wa kamba wa baharini, vilianza kujulikana Asia mwaka 1992 hivi, vikafika Msumbiji 2011 kwenye mashamba ya kamba ya Quelimane, na Madagaska 2012. Msumbiji ni jirani na Mtwara, maji ni yale yale. Kamba wa bwawani wakivipata wanaweza kuisha wote ndani ya siku 3 mpaka 10, lakini kaa koko anaweza kuvibeba akiwa mzima anakula vizuri, na ndio maana kaa anayehamishwa kutoka eneo moja kwenda jingine ni hatari kwa mwenye bwawa la kamba hata kama kakaguliwa. Virusi hivi havimdhuru mtu anayekula. Cha kufanya: usinunue kaa wa mbali wakati wa kwako wapo, na usiwalishe kaa wako vichwa na maganda mabichi ya kamba, hasa wa kugandishwa walioagizwa nje. Lisha samaki wadogo, utumbo wa samaki au konokono wa mikoko, na ukilazimika kutumia mabaki ya kamba au ya kaa, yachemshe kwanza.

Waliopita ukaguzi usiwachanganye bado. Waweke kizimba cha pembeni, upande ambao maji yakipwa yanatoka kwao kwenda nje na sio kupitia kwa wale wa zamani, wiki mbili ndio wajiunge. Kila kaa chumba chake, manake wakiwa pamoja anayejivua gamba analiwa na wenzake na majeraha yanakuwa mengi. Lisha jioni, asubuhi toa mabaki, usiyaache hata kama ni kidogo. Siku za maji mafu, bahari ikijaa na kupwa kidogo tu, maji hayabadiliki vizuri huko ndani, punguza chakula. Masika mvua ikishuka kubwa chumvi inaanguka ghafla na tope linajaa, kaa wanadhoofika na bakteria wanapata nafasi, basi angalia kila siku sio kila wiki.

Mmoja akifa, mtoe saa hiyo hiyo, asiliwe na wenzake, na usimtupe majini. Shimo, chokaa, udongo. Wakifa watatu wanne kwa mpigo, simamisha kuuza na kuhamisha kaa yeyote, na piga simu kwa afisa uvuvi wa eneo lako, au ukiwa karibu na Mombasa nenda KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya, Zanzibar Taasisi ya Sayansi za Bahari, Tanzania bara TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi. Wapelekee kaa anayeumwa ambaye BADO YUKO HAI, amefungwa magando, kwenye kitambaa kibichi ndani ya boksi lenye ubaridi kidogo, barafu isimguse. Aliyeoza hawezi kupimwa chochote. Andika ametoka kwa mvuvi gani, lini, umemlisha nini, na mvua zilikuwaje.

Kizimba kilichokuwa na vifo kitoe nchi kavu, sugua magugu na vidude vilivyonata, osha kwa klorini, suuza, kianike jua kali wiki nzima. Na zile kamba za kufungia magando zichome, ni za bei rahisi.