Jinsi ya Kuziba Njia za Panya Zinazopita Juu ya Nyumba

Wakazi wengi wa Nairobi wanaposumbuliwa na panya huziba nafasi iliyo chini ya mlango, wakatega mtego jikoni, na usiku huohuo wakasikia mbio darini. Panya mweusi, ambaye hupenda kuishi darini, ni mkwezi hodari: mkia wake mrefu humsaidia asianguke, hata akapita juu ya waya mwembamba. Kwa hiyo toka nje mchana ukiwa na futikamba, uikague nyumba kuanzia paa kwenda chini.

Panya mkubwa huweza kuruka juu kwa takriban sentimita 90, na kuvuka mwanya wa karibu mita 1.2 akiruka kwenda mbele. Basi tawi la mparachichi lililoinamia mabati likatwe mpaka liwe mbali na paa kwa mita 2, na mbao zilizoegemezwa ukutani ziondolewe. Nyaya za umeme usiziguse kamwe. Ziba tundu zinamoingilia, bila kuzigusa.

Ukuta wa mawe ya kujengea ya Ndarugo usiopigwa plasta humfaa panya sana, kwa kuwa kucha zake hupata pa kushika. Mabomba ya maji taka yanayoshuka nje ya nyumba za ghorofa, kama zile za mitaa ya Umoja na Pipeline, humfaa zaidi: lililo jembamba hulikumbatia, na lililo nene, likiwa karibu na ukuta, hulipanda kwa kubana mwili wake kati ya bomba na ukuta. Nenda kwa mafundi wa mabati wa Kamukunji wakukatie bati la duara litakalolizunguka bomba na kutokeza angalau sentimita 30, kisha lifungwe kwenye kimo ambacho panya hawezi kukifikia kwa kuruka, likigusana na ukuta bila kuacha upenyo. Ukuta ulio kando yake upigwe plasta laini, la sivyo panya atalizunguka bati hilo na kuendelea na safari.

Mahali panaposahaulika zaidi, kwa maoni yangu, ni ukingo wa paa. Mawimbi ya mabati yanapolala juu ya ukuta huacha matundu mengi, na panya mchanga hupenya tundu la milimita 12, yaani takriban unene wa kidole cha mwisho. Karatasi za plastiki na sponji atazitafuna. Tumia wavu mgumu wa chuma wenye matundu ya milimita 6, ukandikwe saruji. Waya wa kuku haufai, kwani matundu yake ni makubwa.

Usizibe kila kitu siku moja, maana utamfungia panya ndani, naye atafia darini na kuoza. Bakiza tundu moja, hasa lile lenye weusi wa mafuta ya manyoya yake, na uweke mitego darini, ukiifunga kwa waya kwenye boriti anazopitia. Sumu isiyo na lebo inayouzwa barabarani usiilete nyumbani, kwani mtoto au paka anaweza kuila. Nyunyiza unga kidogo mbele ya tundu hilo kila jioni, na ukipita usiku wa tatu bila nyayo wala kishindo darini, lizibe.