Mtoto akifumba macho mpira ukija

Watoto wengi wa PP2 (mwaka wa pili wa chekechea) na gredi ya kwanza hudaka mpira kwa kifua: mikono imekakamaa mbele, uso umegeuka pembeni, macho yamefumbwa. Si uzembe huo, ni woga wa mpira mgumu unaokuja kasi. Basi badilisha mpira kwanza. Jaza soksi kuukuu matambara mpaka ifike ukubwa wa balungi, ifunge vizuri. Mpira huo unashikika, haudundi wala hauumizi. Shonea kiraka chekundu upande mmoja na cha manjano upande wa pili, kisha muulize mtoto ameona rangi gani mpira ukiwa hewani. Hilo humfungua macho kuliko kumpigia kelele "tazama mpira!"

Simama hatua mbili mbele yake, rusha polepole kutoka chini, ulenge kifuani. Viwiko vikunjwe, vidole vitanuliwe. Mpira ukija chini ya kiuno, vidole vidogo vya mikono miwili vikaribiane. Ukija juu ya kifua, vikaribiane vidole gumba. Ukishagusa viganja auvute tumboni, la sivyo utamponyoka. Akidaka mara tano mfululizo, ndipo urudi nyuma hatua moja.

Mwoga kabisa mpe puto, lakini darasani. Uwanjani upepo wa kusi hulipeperusha.

Wapange wawili wawili, kila jozi na mpira wake, maana kwenye foleni mtoto husubiri zaidi ya anavyodaka. Asubuhi wapange kaskazini na kusini, jua lisimpige yeyote machoni.