SOMO: Kurusha redio ya ridhaa kutoka mnara wa taa

Kila mwaka, wikiendi kamili ya tatu ya Agosti, wanaredio wa ridhaa hufungua vituo vya muda kwenye minara ya taa na meli za taa. Jambo hili lilianzia Scotland mwaka 1998, kwenye kikundi cha mji wa Ayr. Si mashindano na hakuna kombe. Watu wanataka tu kuongea na mnara wasioujua, na 5H (mwanzo wa majina ya vituo vya Tanzania) ikisikika hewani utapigiwa na wengi kwa mpigo.

Mfano wetu ni kisiwa cha Chumbe huko Zanzibar, chenye mnara wa mwaka 1904 unaouona ukiwa kwenye boti ya Dar. Walioko kisiwani wanatumia sola, kwa hiyo redio haipati kelele za jenereta. Hiyo peke yake ni sababu ya kwenda.

1. Ruhusa

Leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania (kwa Kenya, CA), inakuruhusu kurusha. Haikufungulii geti la mnara. Andika barua kwa wanaosimamia taa na nyingine kwa wenye eneo, maana Chumbe ni hifadhi tangu 1994 na wageni wake wana idadi. Taja tarehe, masafa na nguvu ya redio. Wape taarifa na KMKM, kikosi cha kuzuia magendo baharini. Mtu mwenye redio na waya mrefu ufukweni lazima aulizwe, afadhali wawe wanakujua tayari.

2. Antena (hapa ndipo kazi ilipo)

Karibu kila mgeni anataka kupanda juu akafunge antena kwenye vyuma vya taa. Mwache huyo apige picha, wewe shuka ufukweni. Kwa VHF (masafa ya juu sana) urefu ni mali. Kwa mita 20 au 15 (bendi za mawimbi mafupi, huitwa kwa urefu wa wimbi) kinachokubeba ni maji ya chumvi: antena ya wima ikisimama ukingoni mwa bahari hutoa mawimbi yanayokwenda chini chini, karibu na upeo wa macho, na hayo ndiyo yanayofika mbali. Isogeze mita 50 ndani kwenye mawe makavu, faida kubwa imekupotea. Halafu mnara wenyewe unaweza kuwa chuma kitupu, kama ule wa Ras Kigomasha kule Pemba. Waya ukiuegemeza hapo, vipimo vyote vinavurugika. Na taa ile inaongoza vyombo, haitakiwi kuguswa.

Tafuta fimbo ya kuvulia ya faiba, mita 7. Ya kaboni usichukue, inapitisha umeme. Urefu wa waya wa kusimama ni 71.3 ugawe kwa masafa ya megahezi: kwa 14.2, iliyo kwenye bendi ya mita 20, unapata mita 5.02. Kata mita 5.2 kisha punguza sentimita mbili mbili mpaka SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena) ishuke chini ya 1.5. Nyaya mbili za chini ziwe na urefu huohuo, uziinue kama mita moja kutoka mchangani, kila moja ielekee upande wake kando ya ufuko. Zungushia utepe eneo zima, kwa sababu ncha za waya zinaunguza wakati unarusha.

Agosti ni kusi. Funga kamba tatu, iliyo imara kuliko zote iwe upande wa kusini. Vigingi vya hema havishiki mchangani. Jaza kiroba mchanga, kifunge kamba shingoni, kizike. Kwa bamvua maji ya Zanzibar hupanda na kushuka karibu mita 4, basi soma jedwali la maji na uweke kitako cha antena juu ya ule mstari wa mwani mkavu.

Kebo usiiache chini usiku. Chumbe ina kaa wa minazi, na wale hubeba chochote.

3. Umeme

Betri ya lithiamu ya volti 12, Ah 20, inatosha alasiri nzima ukirusha kwa wati 50. Kidhibiti cha sola cha bei rahisi hupiga kelele redioni. Kichomoe ukiwa hewani.

4. Saa

Daftari la mawasiliano huandikwa kwa UTC, saa moja ya dunia nzima. Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 11 jioni, ongeza tatu kwenye saa yetu: saa 2 asubuhi ni 05:00, saa 9 alasiri ni 12:00. Siku ya UTC hubadilika saa 9 usiku, na ndipo wikiendi inapoanza.

5. Hewani

Sikiliza kwanza, uliza mara mbili kama masafa yana mtu, ndipo uite CQ (wito kwa yeyote anayesikia). Mchana jaribu mita 15 na 10, jioni mita 20. Wakikuvamia wengi, waambie utasikiliza kilohezi 5 hadi 10 juu yako.

MASWALI YA WANACHAMA

Tanga: Mkuu, sina leseni bado. Naruhusiwa kuja?

Njoo. Kwangu maiki anashika mwenye leseni tu, ila mwandishi wa daftari mwenye sikio zuri namhitaji kuliko fundi.

Mombasa: Vipi mnara wa Ras Serani, mkuu? Ni karibu na kwangu.

Ni mjini, tarajia kelele za chaja na taa za LED. Nenda kwanza na redio ndogo usikilize mita 20 tu. Na hapo Kizingo pana Ikulu, kwa hiyo usimwage waya kabla ya kuongea na polisi.

Wete: Chumvi imenilia viungio vyote. Dawa yake?

Paka grisi ya silikoni, zungushia tepu ya mpira, na ukirudi suuza kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo. Ukingoja kesho umechelewa.

Muscat: Sisi wa huku tutawasikia kweli?

Mtatusikia, kaka. Kutoka Chumbe hadi kwenu ni kama kilomita 3,900, umbali ambao mawimbi ya chini chini yanaweza kuumaliza kwa mruko mmoja, yaani kugonga anga la juu mara moja na kurudi. Tegeni mita 15 alasiri, tukikosana hamieni mita 20 jua likizama. Mkumbuke saa yenu iko moja mbele ya yetu.