Nyanya ndogo: shika ganda kabla hujapenda rangi

Siku niliyojua kwamba nyanya ndogo si kitu kimoja, nilikuwa ndani ya matatu kutoka Nakuru kwenda Kisumu, ndoo ya lita 10 katikati ya miguu. Ndoo ilijaa Sungold, zile za rangi ya chungwa, nilizochuma alfajiri nyuma ya nyumba yetu Lanet. Usiku ule mvua ilikuwa imepiga baada ya wiki mbili kavu. Tulipofika Kericho nikaanza kusikia harufu tamu yenye uchachu. Ahero, kondakta akauliza nani amemwaga juisi. Nikatazama dirishani. Wifi yangu alipofunua ile ndoo jioni, alichungulia ndani, kisha akaniangalia mimi. "Wifi, umeniletea supu."

Nyanya yenyewe haikuwa na kosa. Sungold ni mbegu ya kampuni ya Tokita ya Japani, na kwa utamu sijaonja ya kuishinda. Lakini ganda lake ni jembamba sana, na ndiyo maana huipendi tu, unaila kama peremende. Sasa mche uliokaa na kiu ukipata maji mengi kwa mpigo, mizizi huyabeba yote juu, tunda linafura kuliko ganda linavyoweza kutanuka, linachanika karibu na kikonyo. Ukiongeza kilomita 180 za barabara na matuta, umepata supu.

Tangu hapo mtu akiniuliza apande nyanya gani ndogo, swali langu la kwanza si rangi. Namuuliza: kutoka shinani hadi mdomoni, itasafiri umbali gani?

Kama hujui unachokishika, fanya hivi. Nunua chache, ikate moja kwa upana, si kwa urefu. Cheri ya kawaida, ile ya mviringo, utaikuta na vyumba viwili vilivyojaa utelezi na mbegu, na nyama kidogo pembeni. Hiyo ni nyanya ya maji. Ukiiuma bila kufunga midomo itamrukia mgeni kwenye shati. Ile ndefu kidogo, umbo la zabibu, ina nyama nene, utelezi haba, na ganda ambalo meno hulisikia kabla ya kulipasua. Utamu wake kwa kawaida uko chini ya cheri, lakini inakaa siku nyingi na inavumilia safari. Juliet ni ya kundi hili. Ilipata tuzo ya All-America Selections, ya aina bora za mimea huko Marekani, mwaka 1999, na sifa yake kubwa ni kwamba haipasuki ovyo. Kwa kachumbari ndiyo ninayoitaka, kwa sababu sahani haijai maji kabla wageni hawajanawa mikono.

Halafu kuna Yellow Pear, ya manjano yenye shingo kama peasi dogo. Kila mtu huipiga picha. Mimi niliipanda msimu mmoja, ikazaa mpaka nikachoka kuigawa, na ladha yake ni kama maji yaliyopita karibu na nyanya. Panda kama unapamba meza. Ukitaka rangi isiyo ya kawaida na ladha nzito pia, tafuta Black Cherry, ya rangi ya zambarau iliyokolea: utamu wake una chumvichumvi fulani, na wazee wasiopenda nyanya tamu huipenda hiyo.

Zipo pia ndogo kabisa, saizi ya njegere, jamaa wa nyanya mwitu za Peru na Ekwado. Kuzichuma ni adhabu. Waachie watoto, mradi wajue kutofautisha na ndulele, maana tunda la manjano la ndulele lina sumu, na mmea wake huweza kuota uani pamoja na nyanya.

Jambo la pili ni kimo, na hapa watu wengi wa mjini hupotea. Cheri nyingi ni za kutambaa: mche mmoja wa Sungold au Sweet Million utapita kichwa chako na bado unatafuta paa. Unahitaji kamba, nguzo, na mkono wa kung'oa machipukizi ya kwapani kila wiki. Mimi huacha mashina mawili tu. Sasa mtu wa ghorofani anaupanda kwenye ndoo ya rangi ya lita 4 halafu ananiambia nyanya zimemkataa. Huyo alitakiwa kupanda Tiny Tim, ya futi moja hivi, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha New Hampshire huko Marekani mwaka 1945. Hiyo haitaki kamba wala kupunguzwa machipukizi. Ukiyang'oa umeng'oa nyanya zako. Ladha ni ya wastani, lakini inakaa dirishani. Pale agroveti uliza tu, "Hii ni fupi au ya kamba?" Asipojua, nenda duka la pili.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Nakuru tuko takriban mita 1,850 juu ya bahari, na Julai usiku unauma. Nyanya kubwa hukaa kijani hadi ukate tamaa, ilhali ndogo huwahi kuiva, na hata zikichelewa unachuma mojamoja. Adui wetu ni blaiti, ugonjwa unaochoma majani wakati wa ukungu na manyunyu, kwa hiyo ng'oa majani ya chini, panda kwa nafasi, na umwagilie udongoni asubuhi, usiogeshe majani. Kisumu ni chini zaidi, usiku ni wa joto, na maua ya nyanya kubwa hudondoka kabla ya kushika tunda. Cheri hushika vizuri zaidi kwenye joto hilo.

Kinachomsumbua wifi ni mnyauko wa bakteria. Mche unalala mchana ukiwa kijani kibichi, kesho haunyanyuki. Kabla hajalaumu maji, nilimwonyesha hivi: kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, subiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye mkato, ni wenyewe. Hakuna dawa ya kupuliza itakayouponya. Ng'oa, choma, na sehemu hiyo usirudishe nyanya, viazi, biringanya wala pilipili, weka mahindi. Sasa yeye hupanda kwenye magunia yenye udongo alioutoa mbali na shamba lile.

Kuhusu mbegu, soma pakiti. Sungold, Juliet na Sweet Million ni chotara, yaani zimetokana na kuchanganya aina mbili. Nilihifadhi mbegu za Sungold mwaka mmoja, na watoto wake wakatoka kila mmoja na sura yake: nyekundu, chungwa iliyofifia, moja chachu kama ndimu. Black Cherry, Yellow Pear na Tiny Tim hazikugeuki. Kamulia mbegu kwenye kikombe na utelezi wake, ziache siku mbili au tatu mpaka zitoe povu na kunuka, suuza, anika kwenye sahani. Usianike kwenye gazeti, zitaganda na habari zote za siasa.

Na tafadhali usiziweke kwenye friji. Baridi inaua harufu, na nyanya isiyo na harufu ni ganda lenye maji. Za kuuza chuma zikianza tu kubadilika rangi, na kikonyo chake; zitamalizikia kuiva mezani.

Mwezi jana nilirudi Kisumu. Safari hii nilibeba Juliet, nimezipanga kwenye trei za mayai, trei juu ya trei, nimefunga kwa kamba ya manila. Zote zilifika nzima. Wifi akala ya kwanza, ya pili, ya tatu, akatafuna taratibu bila neno. Kisha akachungulia nyuma yangu kwenye mizigo.

"Na zile za supu, hukubeba?"