Kuunganisha watetezi wa wavuvi, Lamu hadi Msumbiji

Usianze na jina, nembo wala katiba. Anza na dai moja ambalo mvuvi wa Lamu na wa Mtwara wanalijua hata kabla hujaeleza: bandari ikichimbwa na maeneo ya kuvulia yakafungwa, nani analipa? Dai la "haki za pwani" hujaza ukumbi, kisha kila mtu akarudi kwao bila kazi.

Vikundi vitatu au vinne vyatosha mwanzo. Kenya na Tanzania zote zina BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, na humo ndimo zilimo orodha za vyombo na wavuvi. Ukianzia mashirika ya Nairobi, utapata barua nzuri zisizo na mvuvi nyuma yake. Kikao kiweke wakati wa kusi, bahari ikichafuka. Kaskazi watu wako baharini. Hadi Mtwara Kiswahili kinatosha. Msumbiji tenga fedha za mkalimani wa Kireno, tena kabla ya nauli za viongozi.

Penye kuharibika zaidi ni tarehe. Kenya, ofisi ya umma ina siku 21 kujibu ombi chini ya sheria ya kupata habari ya 2016; rufaa ya leseni ya mazingira ni siku 60. Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, inatoa miezi 2 tu ya kufungua kesi. Mtandao unaongoja mkutano wa mwaka umeshachelewa, basi katibu awe na daftari la tukio, tarehe na siku ya mwisho. Msumbiji si mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye mahakama hiyo. Mlango wao ni Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, Banjul, nao hutaka kwanza mahakama za nyumbani zimalizwe.

Leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu ilifutwa tarehe 26 Juni 2019 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kesi ya namna hiyo husimama juu ya vikaratasi: mwaliko ulifika lini, ripoti ilikuwa kwa lugha gani. Sahihi za mahudhurio nazo hugeuzwa ridhaa, kwa hiyo kila ukurasa uandikwe juu, "Mahudhurio tu".

Taarifa ya pamoja isitoke mpaka kila nchi iseme ndiyo, kimya kisihesabiwe. Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kuna vita tangu 2017, na jina likichapishwa Lamu, atakayegongewa mlango usiku ni mwenzenu wa kule.