Jinsi ya Kukagua Misamaha ya Sheria Inayopitisha Fedha Haramu

Ofisa wa benki anayetathmini hatari ya utakatishaji wa fedha kwa kawaida huanza na wale wanaobanwa na sheria. Ni afadhali aanze na waliosamehewa wajibu wa kukagua chanzo cha fedha, maana mhalifu mwenye washauri hodari naye huanzia hapo.

Tafuta kwanza msamaha wenyewe ndani ya kanuni, usome ulitolewa lini na kama una ukomo. Sheria ya Marekani ya mwaka 2001 ilizitaka taasisi za fedha ziwe na mpango wa kuzuia fedha haramu, lakini mwaka 2002 Wizara ya Fedha iliwasamehe kwa muda wanaoshughulikia mauzo ya majengo na ndege. Muda huo ulidumu miaka mingi.

Kisha chukua muamala mmoja, uorodheshe kila aliyezigusa fedha, na uulize ni nani kati yao aliyelazimika kisheria kujua chanzo chake. Mfano mzuri ni wa Teodoro Nguema Obiang Mangue, mtoto wa rais wa Guinea ya Ikweta, uliochambuliwa katika ripoti ya kamati ndogo ya Seneti ya Marekani ya Februari 2010. Akiwa waziri mwenye mshahara usiofika dola 100,000 kwa mwaka, alinunua jumba huko Malibu mwaka 2006 kwa dola milioni 30 kupitia kampuni. Benki zilizomtambua zilipofunga akaunti, fedha zilipitishwa katika akaunti za mawakili na za kampuni hewa. Aliponunua ndege ya dola milioni 38.5, wakala mmoja wa kushikilia malipo (anayetunza fedha za mnunuzi hadi mauzo yakamilike) alidai kuelezwa chanzo cha fedha, na alipokosa maelezo akajitoa; wakala mwingine akaipokea kazi hiyo bila kudai maelezo hayo. Hapa ndipo pa kukazia macho: uangalifu wa hiari humwadhibu mwangalifu kwa kumkosesha biashara, na muamala hukamilika vilevile.

Kwa hiyo benki isiurithi msamaha wa mteja wake, kama vile wakili. Akaunti ambamo wakili hutunza fedha za wateja wake ihojiwe: fedha ni za nani, mmiliki manufaa (mtu halisi anayefaidika) wa kampuni inayolipwa ni nani, na je, kiasi hicho kinalingana na kazi ya uwakili inayotajwa?

Mwisho, msamaha unapozibwa nusu, pima nusu iliyobaki wazi. Mwaka 2016 Marekani iliziagiza kampuni za bima ya hatimiliki (inayomkinga mnunuzi dhidi ya kasoro za umiliki) kuripoti watu walio nyuma ya kampuni zinazonunua nyumba za makazi bila mkopo, kuanzia dola milioni 3 huko Manhattan, New York, na milioni 1 katika wilaya ya Miami-Dade, Florida. Malipo yaliyotumwa kielektroniki kutoka benki hadi benki hayakuguswa hadi 2017. Katika agizo la namna hii, kagua miamala iliyo chini kidogo ya kiwango, wilaya jirani zisizotajwa, na wanunuzi waliobadili njia ya malipo ghafla baada ya tangazo.