Kabla Hujampa Mbwa Wako Mafuta ya CBD

Ughaibuni utayaona mafuta ya CBD, kemikali ya mmea wa bangi isiyolevya, dukani, yamepangwa karibu na chakula cha mbwa na paka. Tafadhali usidhani kwamba kitu kikiuzwa waziwazi basi kimeshapita mikononi mwa wakaguzi.

Marekani, sheria ya kilimo ya 2018 iliruhusu bangi yenye THC, ile kemikali inayolevya, isiyozidi asilimia 0.3. Hata hivyo FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya huko, haijaidhinisha dawa yoyote ya CBD kwa wanyama. Uingereza ni wakali zaidi: tangu 2018 CBD ya mnyama huhesabiwa kuwa dawa, na kumpa bila kuandikiwa na daktari wa mifugo ni kosa. Daktari anaweza kukuandikia ile ya binadamu akiona inafaa. Ukisafiri, chupa iache. Falme za Kiarabu, kwa mfano, wanaweza kukukamata kwa sababu yake.

Sasa ishike chupa uisome. Ikiandikwa miligramu 300 ndani ya mililita 30, kila mililita ina miligramu 10. Isipotaja miligramu za CBD, irudishe. Mafuta ya mbegu za bangi ni kitu kingine, kwa kawaida hayana CBD ya maana, ingawa chupa hufanana. Kisha omba cheti cha maabara huru, na namba ya toleo iliyo kwenye cheti ilingane na ya chupa. Humo tazama THC kwanza, maana mbwa huumizwa nayo upesi kuliko sisi: huyumba, hujikojolea, hushtuka kwa kelele ndogo. Ukiona hayo, mpeleke kliniki na useme ukweli wote. Daktari anatafuta tiba, hakushtaki.

Pipi za CBD za watu usimpe kabisa. Nyingine zina chokoleti au zailitoli, sukari mbadala ambayo ni sumu kwa mbwa.

Mwenye mbwa wa kifafa anayetumia fenobabitoni awe mwangalifu kuliko wote. CBD huvunjwavunjwa kwenye ini, kama dawa hiyo, na majaribio kwa mbwa yameonyesha kimeng'enya cha ini kiitwacho ALP kikipanda. Mwombe daktari apime damu kabla ya kuanza na tena baada ya wiki chache, na usipunguze dawa ya kifafa kwa uamuzi wako.